Karai la Mzee Wafula

Mwanangu, jana nilikuona kwenye gereji yako hapo Kayole ukimwaga maji ya betri mtaroni, tena unapiga mluzi. Nilinyamaza kwa sababu hasira hasara. Leo sinyamazi. Kaa hapo.

Kuna siku moja naikumbuka, miaka ya tisini, kiangazi kimekaza hadi mifereji ya mtaa wetu wa Jericho inatoa hewa tu. Nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha ngozi. Nyuma yake palikuwa na bwawa la maji machafu, yamejaa dawa za kutolea manyoya, yananuka mpaka macho yanawasha. Vidimbwi vyote vilikuwa vimekauka, kwa hiyo kila ndege aliyeona maji yanang'aa alishuka pale. Kibao cha hatari kilikuwapo, lakini ndege hasomi.

Mlinzi wa bwawa alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma. Kila asubuhi alijaza karai maji safi ya kiwanda, akaliweka mbali na bwawa, kisha akapiga debe ukingoni. Ndege walizoea: debe likilia, wanahamia kwenye karai. Mimi nilimwona mpumbavu. Mama zetu wanapanga foleni ya maji, yeye ananywesha shomoro.

"Mzee, kwani hawa ndege ni wa nani?" nilimwuliza.

"Wewe endelea na kazi yako, kijana."

Kisha akaenda kwao kuzika, akaniachia debe na karai. Siku tatu tu, akasema, usikose hata asubuhi moja. Nikaitikia vizuri sana. Na siku zote tatu yale maji nikayatia mtungini, nikaenda nayo nyumbani kufulia suruali yangu ya kwaya. Suruali, mwanangu. Debe sikuligusa.

Sasa sikia upumbavu wenyewe. Nyuma ya nyumba yetu nilifuga njiwa, na niliwapenda kuliko baadhi ya watu, sikufichi. Lakini hata kopo la maji sikuwawekea. Nilijua njiwa hujitafutia. Jioni ya siku ya tatu hawakurudi. Asubuhi niliwakuta ukingoni mwa lile bwawa, tisa, na mmoja alikuwa na uzi mwekundu niliomfunga mguuni mwenyewe. Nililia mbele ya vibarua wenzangu.

Mzee Wafula alirudi mchana. Akatazama karai kavu, akatazama njiwa.

"Uliniuliza ndege ni wa nani," akasema. "Umejua sasa?"

Akaniletea koleo, tukawazika.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwanangu. Nawe unamwaga kana kwamba mtaro hauna mwenyewe. Mtaro unateremka mtoni, na kiangazi kama hiki ndege hana pengine pa kunywa. Maji ya betri yatie kwenye mtungi wenye kifuniko, uwapelekee wanaonunua betri kuukuu. Kisha weka karai la maji safi nje ya gereji, ulijaze kila asubuhi. Ukikaidi nitakuja na debe, nilipige mlangoni pako hadi wateja wakimbie. Unanijua.

Basi nimemaliza, hasira imeniisha. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, isimwue asiyekukosea. Na siku utakapokuwa na kiu wewe, ukute kuna mtu alishakuwekea maji.