Vidonge vya Damu

Nilikuwa mkimbiaji, na sioni haya kujisifu: wasichana wote wa shule yetu ya Kasulu waliuona mgongo wangu tu. Muhula mmoja miguu ikanigeuka. Kwenye kilima cha kuelekea Titye, nilichozoea kukipanda huku naimba, mapaja yaliwaka moto kabla sijafika katikati. Mwalimu wa michezo aliniumbua mbele ya wenzangu.

"Umeshajiona staa. Mvivu mkubwa!"

Kwa hasira nilikwenda zahanati. Muuguzi akanipima.

"Chuma kimekuishia mwilini," alisema. "Damu inabeba hewa kwa chuma, na msuli unaishika hewa hiyo kwa chuma. Kikipungua, msuli unafanya kazi bila hewa ya kutosha, ndiyo maana unawaka mapema. Wewe unakipoteza kwa jasho, kwa siku zako, hata kwa huko kukanyagakanyaga barabarani. Halafu maharage unayashushia na chai ya rangi!"

Alinipa vidonge, akaniambia nisiruke hata siku moja, navyo vitachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Mashindano ya kuchagua timu ya mkoa yalikuwa Kibondo, baada ya likizo. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote.

Vidonge vile kila mwanamke kwetu anavijua, maana wajawazito hupewa kliniki. Mama alivikuta kwenye begi langu.

"Ni ya nani?"

"Nini, mama?"

"Hiyo mimba."

Nilimweleza habari za chuma, hewa na msuli. Alicheka, kicheko kibaya.

"Msuli! Nimezaa watoto saba, sijasikia habari za msuli."

Akavitumbukiza vyote chooni, akanipeleka kupimwa mimba. Sikuwa nayo. Hakusema hata pole, alirudi nyumbani akasonga ugali. Nilipomrudia muuguzi, alitikisa kichwa.

"Vilivyobaki ni vya wajawazito tu, mdogo wangu."

Hela ya kununua dukani mama alininyima. Kibondo nikakimbia hivyo hivyo. Wasichana niliozoea kuwaacha mbali walinipita wakigeuka kunitazama, na mwisho nilimaliza kwa kutembea, wa mwisho kabisa. Kwenye gari mwalimu aliongea kwa sauti ili wote wasikie.

"Afadhali ungekuwa na mimba. Ningepata la kumwambia mkuu wa shule."

Gari zima likacheka. Sikukimbia tena.

Sasa nina mimba kweli. Kila jioni mama ananiletea vidonge vilevile na kikombe cha maji, anasimama hapo hapo mpaka aone nimemeza.

"Meza, mwana wanje, mwanangu. Mtoto asikose damu."

Jana nilimuuliza kama anavikumbuka vile alivyovitupa chooni. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na nilimchukia.

"Vile vilikuwa vya kazi gani?" alisema. "Hukuwa na mtu tumboni."

Akanisogezea kikombe. Nikameza.