Nakala ya Tatu Ilikuwa Bute

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Wajir, maana huko wameshakikuza kisa hiki: ndiyo, aliyeonekana ukutani ni mimi.

Kazi yangu ni kuhifadhi kwenye kompyuta vipimo vya zamani vya visima, kina cha maji na chumvi yake, na kanuni yetu ni nakala tatu mahali patatu, basi moja ikakaa ofisini Wajir, moja Garissa, na ya tatu, badala ya kuifungia kwenye kabati la serikali kule Bute (ufunguo wake unashikwa na kila mtu), nikampa habaryar, mdogo wake mama, ambaye hajawahi kupoteza hata pete.

Siku ya kisa chenyewe tulimwalika Mzee Abdi, aliyepima visima ujana wake wote na ambaye karatasi zake, zisizo na nakala popote, zinaliwa na mchwa. Alikaa na sanduku lake la bati magotini. Angetukabidhi, alisema, akiona kwamba tunajua kutunza. Mimi kwa kujiamini nikachomeka flashi ya Bute, iliyofika asubuhi hiyo, bila kuifungua kwanza, mbele ya wazee, maafisa na sheikh.

Ikatokea ukutani harusi ya Hawa, binti wa habaryar. Tena ile ngoma ya wanawake peke yao, ambayo mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia, na aliyekuwa katikati, kichwa wazi, akirukaruka (sikujua kwamba narukaruka hivyo), ni mimi. Sheikh akaanza kuchunguza viatu vyake. Nikavuta waya wa projekta, picha ikazimika, sauti ikabaki, na ukumbi mzima ukasikiliza mashairi ya kunisifu na kuuliza wanaume wa Wajir wanangoja nini.

"Hii kisima iko wabi?" akauliza Mzee Abdi.

Nikatoka nje kumpigia habaryar.

"Ilikuwa imejaa," akasema. "Nikatoa zile namba, harusi iingie. Maji mtapima tena, lakini Hawa wangu ataolewa mara ngapi?"

Nikarudi kueleza kwamba nakala mbili bado zipo.

"Umefungua hizo, binti?" akauliza Mzee Abdi.

Nikainamia kompyuta kuitafuta ile ya ofisini.

Mzee akainuka, sanduku kwapani. "Mimi nakaa na mchwa yangu. Yeye anakula bolebole."

Zile mbili zilifunguka salama, ila yeye alikuwa keshaondoka, na mpaka leo hajarudi. Siku hizi kila mwezi nafungua kila nakala, ukurasa kwa ukurasa, peke yangu, mlango umefungwa na sauti imezimwa.