Siku Mama Aliposema Sipo

Turubai likilowa hutoa harufu ya mpira na vumbi la zamani, kama nguo iliyofungiwa kabatini kabla haijakauka. Kazini kwangu, Tumba, hapa Uswidi, tunafunika mbao kwa maturubai, na kila asubuhi ninapofunua moja narudi kwanza hatua mbili nyuma, nitazame kuna nini chini yake. Wenzangu wanacheka. Wacheke. Wewe unayesoma nitakueleza, ila usiniharakishe, maana shule sikufika mbali na kuandika kwangu ni kama kuongea.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Akalla, mtaa wa pembeni mwa Stockholm, mimi na mama, mwaka wa pili tangu tutoke kambi ya wakimbizi Kigoma, na kabla ya kambi, Burundi. Mama aliitwa Mama Evaristi, kwa jina la kaka yangu ambaye hakufika nasi hata kambini. Ukimwita Mama Konsolata, kwa jina langu mimi niliyekuwa namfulia na kumsomea barua, hakugeuka.

Siku moja nikaleta barua ya shule. Chombo kilichowahi kwenda angani na watu ndani yake kilikuwa kimestaafu, kinaletwa makumbusho kukaa huko moja kwa moja, na darasa letu lingekwenda kukipokea. Watoto wa kwenye orodha wangeingia ndani ya kamba na kukigusa kabla ya mtu mwingine yeyote. Sikulala vizuri wiki nzima kwa hamu. Lakini mama aliniuliza maswali ambayo barua haikuwa na majibu yake. Nani anaandika hayo majina? Ya nini majina, kama ni kutazama tu? Na hiyo orodha inabaki kwa nani?

Alitia sahihi kwa sababu ya Mama Bea, jirani yetu Mkongomani. “Acha mutoto aende, mama,” alimwambia. “Huku kazi ya polisi ni kushusha paka kwa miti.” Mama akatia sahihi, kisha akasema atakwenda mwenyewe. Mama Bea naye akaja, na chai ndani ya chupa, kama mtu anayekwenda harusini.

Asubuhi hiyo ilinyesha mvua nyembamba, ile ya Stockholm isiyoanza wala kuisha. Watu walijaa pande zote mbili za barabara, na watoto wamebebwa mabegani. Lori likaja polepole sana, pikipiki mbili za polisi mbele, na mzigo wake mkubwa umefunikwa turubai la kijani. Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga.

“Hicho ni chuma?” akaniuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Kimepita kwenye moto wa mbinguni, halafu kinaogopa mvua?”

Mama Bea akacheka mpaka chai ikamwagika. “Mama Evaristi, unaogopa sufuria!” Mama alikuwa anawatazama polisi mikononi.

Hapo mwalimu wetu, fröken Gunilla, yaani Bi Gunilla, akasimama kando ya lori na kutoa orodha. Akaanza kuita. Kila mtoto aliyeitwa aliitika, akapita chini ya kamba, akaenda kusimama karibu na lile turubai. Nikahisi mkono wa mama ukinivuta, koti lake likafunguka, likanifunga ndani. Giza, na moyo wake unapiga sikioni mwangu.

“Konsolata!”

“Hayupo,” mama akajibu, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

“Konsolata?”

“Hayupo!”

Viatu vyangu vyekundu vya mvua vilikuwa vinaonekana chini ya koti. Watoto wakaanza kucheka, darasa zima. Niliona aibu inayochoma masikio. Nikamsukuma mama kwa viwiko, kwa nguvu zangu zote, nikatoka nikipiga kelele kwa Kiswidi kwamba nipo, nipo hapa, nikapita chini ya kamba.

Turubai likafunuliwa. Kilikuwa kama chungu kikubwa kilichosahauliwa jikoni, cheusi, kimebabuka ubavu mmoja. Nikaweka kiganja. Kilikwaruza, na kilikuwa baridi. Nikageuka nimwonyeshe mama mkono wangu.

Alikuwa amevua viatu. Amesimama peku kwenye lami iliyolowa, viatu mkononi, tayari kulikimbiza lori likiondoka nami.

Niliporudi alinipapasa kichwa, mabega, vidole kimoja kimoja. Halafu akanipiga kofi mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo hakutia sahihi barua yoyote ya shule, na mimi, kwa hasira, nikaacha masomo kabla ya wenzangu. Kwa miaka mingi nilisema ni yeye aliyeniharibia.

Sasa wenye makosa nawataja. Mwalimu Silvesta ndiye aliyesoma rejista uani pa shule kwetu Burundi. Melkiori ndiye aliyeendesha lori la kuni lililofunikwa turubai, walimopakiwa watoto walioitwa, wasirudi. Zakaria, mkubwa wa kilima chetu, yaani kijiji, alisimama langoni asitoke mtu. Evaristi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Melkiori alikufa kitandani kwake, kwa uzee. Silvesta naambiwa yuko hai, tena hapa hapa Ulaya, anaongoza kwaya. Ndiyo maana Mrundi mgeni akiingia kanisani kwetu simpi mkono mpaka nijue alifundisha wapi.

Hayo niliyajua tangu ukubwani. Lakini mwaka jana, mama akiwa mgonjwa, nilimtania kuhusu ile siku ya koti, nikidhani tutacheka. Hakucheka. Akaniambia kwamba asubuhi ile ya Silvesta yeye mwenyewe alikuwepo uani, alimpelekea Evaristi viazi. Jina liliitwa mara ya kwanza, mtoto akajificha nyuma ya kitenge chake. Likaitwa mara ya pili. Wazazi wengine walikuwa wanatazama, naye akaona aibu, mwanawe ataonekana hana heshima. Akamtoa nyuma ya kitenge, akamsukuma mbele. “Itika, mwanangu. Mwalimu anakuita.”

Nilimfunika blanketi miguuni. Kisha nikamuuliza Evaristi aliitikaje.

“Kwa adabu,” mama akasema. “Kama nilivyomfundisha.”