Mikono Inanuka Samaki, Samaki Hayupo

Mume wangu alianza na vitabu. Kitale kuna mtu anayetandaza vitabu vikuukuu juu ya gunia kando ya barabara, vile vilivyoachwa na wazungu wa mashamba, na mume wangu akarudi Bungoma na kimoja kinachohusu mito na uvuvi. Baadaye akaleta kingine. Jioni alisoma huku akitabasamu peke yake, nami nikimtazama kwa jicho la pembeni. Siku moja alipoingia kuoga, nilikipekua. Kurasa zote ni mto, ukungu, na mwanamume mmoja na mshipi wake. Mke hayumo. Watoto hawamo. Nikasema, hapa kuna jambo.

Kisha akanunua fimbo ya kuvulia, na kila Jumamosi akawa anapanda Endebess, kwenye vijito vya baridi vinavyoshuka Mlima Elgon. Alirudi suruali imelowa hadi magotini, mikono inanuka samaki, na samaki hana. Kwetu aliyekosa mtoni hurudi amenuna, na aliyepata huleta nyumbani. Huyu alirudi mikono mitupu akipiga mluzi.

Nilimweleza mama anayeniuzia samaki sokoni. Alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Si mkono inanuka? Basi samaki ilishikwa. Na kama haijafika kwako, iko kwa sufuria ya mtu, bana."

Niliumia, wacha niseme ukweli. Usiku nilikuwa nimeshamuumba huyo mwenye sufuria: mcheshi, kiuno chembamba, na kukaanga anajua kuliko mimi.

Jumamosi iliyofuata nilimfuata mume wangu hadi mtoni, nikajibanza kwenye mahindi ya watu. Alikuwa peke yake, maji yamemfika magotini. Muda si muda akavuta samaki mzuri, mnene, mwenye madoadoa. Nikageuza macho huku na huku, nikimngoja mwanamke atokee. Mume wangu akainama, akamtoa ndoana mdomoni, akamrudisha majini. Samaki akateremka na mto.

Nikajua: mwanamke yuko kule chini na kikapu.

Nikatoka mbio. "Wewe! Hiyo samaki umemtumia nani?"

Aliruka nusura aanguke. "Mama watoto! Hakuna mtu. Watu wa vile vitabu wanashika, halafu wanaachilia."

"Ati wanaachilia? Na watoto wale nini?"

"Si unaona? Ningekuambia, ungeamini?"

Nisingeamini. Hata pale sikuamini, nikaketi juu ya jiwe nimlinde. Niliangalia kule chini mpaka shingo ikauma. Hakuna aliyekuja.

Akavua mwingine. Safari hii nilikuwa karibu, nikaona vizuri. Alimshika kwa viganja viwili vilivyolowa, akamwinamia kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

"Pole, mrembo," akanong'ona. "Pole sana. Enda taratibu."

Sauti ile naijua. Ndiyo iliyonitoa kwa baba yangu. Ilipotea nyumbani kwetu bila kuaga, nikadhani ni umri, nikadhani ni karo na uchovu. Kumbe ilikuwa hai siku zote hizi. Nikainuka pale juu ya jiwe.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi nitaambiwa pole lini?"

Akainua uso kunitazama. Samaki alikuwa ameshakwenda, na yeye bado ameshika maji.