Gari la Wagonjwa Linavuta Kushoto

Gari lilivishwa matairi mapya yote manne siku ya Jumatatu, na kufikia Jumatano Rubani alikuwa ameshajua kwamba kuna jambo.

Jina la Rubani alipewa na wagonjwa, miaka kumi na mmoja nyuma, alipoanza kuendesha gari la kituo cha kusafishia damu. Kazi yenyewe ukielezwa ni nyepesi: kuwapitia watu wenye ugonjwa wa figo majumbani kwao asubuhi, kuwafikisha kituoni, kuwangoja kwa saa nne wakiwa mashineni, kisha kuwarudisha. Makundi mawili yalipokezana, siku sita kwa wiki. Lakini mtu anayeshuka kwenye mashine ile hushuka hoi bin taaban, kichwa chepesi, tumbo limevurugika, na kila shimo la barabarani hulisikia mpaka kwenye meno. Rubani aliyajua mashimo yote ya njia zake. Aliyapita taratibu, gurudumu moja kwanza, la pili baadaye, na abiria wake walizoea kusinzia mpaka milangoni kwao.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Miaka miwili kabla ya hayo matairi aliwahi kuugua bega la kulia, akafunga mkono kwa wiki tatu, akarudi kazini kabla daktari hajamruhusu. Tangu hapo hakulitaja tena bega lile kwa mtu yeyote isipokuwa mumewe, na mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa kusikia zaidi kuliko kusema.

Matairi ya zamani yalikuwa yamebaki vipara. Miezi minane alikuwa akiyaombea ofisini, na yalipokuja mapya alishukuru kwa moyo wote. Kisha akaondoka nalo gari pale walipoyafunga, na kabla ya kona ya pili akahisi amekabidhiwa gari la mtu mwingine. Lilidunda. Lilitangatanga. Na alipolegeza mikono kidogo tu, lilianza kusogea kushoto, pole pole, kuelekea mtaroni.

Hakuwa mtu wa kukimbilia kulalamika. Jumatano ile, wagonjwa wakiwa mashineni, alitoa kipimo chake cha upepo akazunguka gari akiwa amechuchumaa. Kibandiko kwenye mlango wa dereva kilitaka thelathini na tano mbele na arobaini nyuma. Yote manne yalisoma hamsini na mbili. Waliofunga walikuwa wamejaza upepo mwingi ili mpira ukae vizuri kwenye rimu, kisha wakasahau kuupunguza. Akaupunguza mwenyewe, akasimama kwa kushikilia kioo cha pembeni, magoti yakimlilia.

Kudunda kukaisha. Kutangatanga kukapungua. Kuvuta kushoto kukabaki palepale.

Alhamisi alilipeleka gereji. Fundi mkuu pale alikuwa mtu mstaarabu, mwenye ovaroli safi kupita kiasi na kalamu nyuma ya sikio. Alilipandisha gari kwenye mashine ya kupima mnyooko wa magurudumu, akatoa karatasi yenye namba, akamwonyesha kwa kalamu.

"Liko kama rula, mama. Tazama mwenyewe."

"Karatasi nimeiona. Lakini linavuta."

"Matairi mapya haya. Yale ya kale yalikuwa hayana meno, yanakanyaga bila kucheza. Haya meno yake marefu, lazima yachezecheze kwanza. Yape kilomita mia tano, yatazoeana na barabara. Na barabara zetu zenyewe zimeinama pembeni ili maji yashuke, kila gari linateleza kidogo kwenda huko."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Alikuwa anafungua mlango aondoke fundi alipouliza, kwa upole kabisa, "Na lile bega linaendeleaje siku hizi?"

Swali hilo lilimkaa rohoni kuliko kuvuta kwenyewe. Siku ya pili yake alimwomba dereva wa gari la dharura aliendeshe kidogo. Yule kijana alilizungusha mpaka getini na kurudi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukitafuta stesheni ya redio. "Mbona liko poa," akasema.

Basi Rubani akaanza kujitilia shaka. Wiki ile na iliyofuata aliendesha akijisikiliza mwenyewe badala ya kulisikiliza gari. Je, ni mkono wa kulia uliochoka kiasi kwamba wa kushoto unaushinda nguvu? Ni macho? Mumewe alimkuta jioni moja amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni, amenyoosha mikono mbele kama ameshika usukani, anaitazama kama ya jirani.

"Mama watoto, unaenda wapi?" mume akauliza.

"Natazama kama inatetemeka."

Mume alivua kile kilenzi chake cha jicho, akaitazama mikono ile muda mrefu. "Haitetemeki," akasema. "Imechoka tu." Akainama kumfungua viatu.

Ijumaa ya wiki ya pili mvua ilinyesha. Rubani alikuwa anawarudisha watu watano. Kiti cha mbele alikaa Karani, mzee aliyestaafu ofisi ya ardhi, ambaye hata mashineni aliandika saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mkono wake wa kushoto, uliochomwa sindano, ulikuwa umefungwa bandeji, na ulikuwa upande wa mlango. Kioo kikajaa ukungu. Rubani aliinua mkono wa kulia akipanguse, nukta moja tu, na gari likashuka bega la barabara. Gurudumu la kushoto likaingia kwenye matope, likapiga ukingo wa mtaro. Alilirudisha barabarani bila kishindo kikubwa, lakini Karani aligonga mkono mlangoni, na bandeji ikaanza kuloa damu.

Rubani alisimamisha gari, akashuka kwenye mvua, akazunguka, akafungua mlango na kukandamiza kidole gumba juu ya bandeji, kama alivyofundishwa. Alikaa hivyo dakika kumi na tano, maji yakimtiririka mgongoni.

"Pole, mzee," alimwambia Karani.

"Nilikuwa nikikuangalia tangu wiki jana," Karani akajibu. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini sauti ilikuwa ya ofisini, ya mtu anayesoma faili. "Zamani ulikuwa unashika usukani kwa vidole. Siku hizi unaung'ang'ania. Hata kwenye tambarare. Mtu akichoka mikono hulegea, haikazani hivyo. Kuna kitu unashindana nacho."

Damu ilikoma. Kituoni hawakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi. Jumamosi msimamizi wa magari alimwita ofisini, akafunga mlango ili wasisikike. Alimpa barua ya kwenda kwa daktari Jumanne, akapimwe macho na bega, na akamwambia kwamba mpaka majibu yatoke gari litakuwa kwa dereva mwingine kuanzia Jumatatu mchana.

"Si adhabu, mama," akasema.

"Najua, baba," Rubani akajibu. "Jumapili gari linalala kwangu kama kawaida?"

"Linalala kwako."

Akaikunja barua akaitia kwenye mkoba. Usiku ule alilala kama gogo. Hata hasira hakuwa na nguvu nayo.

Jumapili asubuhi alimwambia mumewe amsindikize. Mtaa wa pili kulikuwa na uwanja wa kuegesha malori, sakafu ya zege, sawa kama meza, na siku hiyo ulikuwa mtupu. Mistari ya kugawa nafasi ilikuwa imechorwa kwa rangi nyeupe. Rubani aliliweka gari juu ya mstari mrefu, akaliendesha polepole, kisha akainua mikono yote miwili. Gari liliuacha mstari, likaenda kushoto. Akarudia mara tatu. Mara zote kushoto.

"Hapa zege halijainama popote," akasema. "Kwa hiyo barabara tuitoe. Na mikono yangu haikuwa kwenye usukani, lakini hilo halitoshi. Fundi atasema ni kitu kwenye magurudumu, karatasi itasema sicho, tutarudi kulekule."

"Mimi saa ikichelewa," mumewe akasema, "sibadilishi vitu viwili kwa mpigo. Nahamisha kimoja, naangalia."

"Ndicho kilichonileta hapa."

Alikuwa na jeki moja na tairi la akiba. Matairi hayakuwa na mshale wa kuonyesha upande, hilo alishaliangalia. Yangeweza kuzunguka upande wowote. Akaegemeza mawe nyuma ya magurudumu, akalegeza nati kabla ya kuinua. Akatoa tairi la mbele kushoto, akaweka la akiba kwa muda. Akainua kulia, akatoa lililokuwapo, akaweka lile la kushoto. Akarudi kushoto, akatoa la akiba, akaweka lililotoka kulia. Kuinua mara tatu, kushusha mara tatu, kwa watu wawili ambao umri wao ukiujumlisha ulivuka mia na ishirini. Mume alikuwa hodari wa skrubu ndogo kama punje ya ufuta. Spana ya magurudumu ilimpeleka puta. Mara moja ilibidi apande juu yake kwa miguu yote miwili nati ilegee.

"Saa gani hii unanitengenezesha," akasema akihema.

"Ya ukutani," Rubani akajibu, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi akacheka kidogo.

Walipomaliza walikaa chini, migongo kwenye bampa, wakagawana chupa ya maji. Hakuna aliyeharakisha. Rubani aliogopa kupanda. Gari likienda tena kushoto, basi kosa halimo kwenye tairi, hatakuwa na cha kumwonyesha fundi, na ataenda kwa daktari kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Akapanda. Mumewe akakaa kiti cha pembeni, mikono yenye masizi juu ya magoti. Gari likashika mstari, Rubani akainua mikono.

Likaenda kulia.

Akazunguka, akarudia. Kulia. Akarudia tena, kulia, mpaka gurudumu likakanyaga mstari wa jirani.

"Basi ni tairi, si bega," mumewe akasema.

Rubani alizima gari, akaweka paji la uso juu ya usukani. Alitegemea furaha, na furaha ilikuwapo, lakini ilikuwa mbali, chini ya uchovu mwingine mwingi uliokuwa ukingoja zamu yake.

Jumatatu, wagonjwa walipokwisha kulazwa mashineni, alimpeleka fundi mkuu mpaka uwanja uleule, akamwachia usukani. Hakumwambia kitu ila, "Matairi ya mbele nimeyabadilisha pande. Liweke kwenye mstari, achia."

Fundi aliachia. Akaachia tena. Akashuka, akachuchumaa mbele ya lile tairi, ovaroli yake ikigusa vumbi, akalipapasa pande zote mbili kwa viganja.

"Tairi limezaliwa kilema," akasema mwishowe. "Kwa nje huoni. Ndani nyuzi zimekaa upande. Likizunguka linakuwa kama ndoo uliyoilaza chini, ukiisukuma haiendi moja kwa moja, inapinda." Akajipangusa viganja. "Mashine yangu inapima chuma, mama. Haipimi mpira. Nilipaswa kulibadilisha upande siku ileile uliyokuja. Nisamehe."

"Yamepita," Rubani akasema. Hakuwa na hamu ya kumwona mtu mwingine akijisikia vibaya.

Aliyeuza tairi alilichukua na kutoa jingine. Lilipofungwa, gari likaenda kama uzi, na Karani, aliyekuwa kiti cha mbele Jumatano ile, alisinzia kabla hawajafika kona ya pili. Msimamizi alikuwa amempigia simu kusema barua ya daktari haina haja tena, gari ni lake. Rubani alikuwa ameshakwenda. Macho mazuri, bega linahitaji mazoezi, presha iko juu kidogo. Daktari aliuliza mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini, naye alihesabu kwa vidole akashindwa kuifikia.

Wiki mbili nzima kule kuvuta kulikuwa kumefunika kila kitu: maumivu ya jioni, usingizi usiotosha, kule kukaa kitandani na viatu. Sasa tairi lilikuwa limeondoka, na vyote hivyo vilibaki. Alivipima kwa siku kumi, asije akamsingizia mtu. Kisha akaenda ofisini.

"Nataka kundi moja," alimwambia msimamizi. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mpe mwingine."

Msimamizi alishangaa. "Lakini mama, tumeshaona kosa lilikuwa la tairi."

"Lilikuwa la tairi. Mimi nimechoka, na hilo ni jambo mbali. Ningesema siku zile mngedhani nakimbia. Leo mnajua sikimbii."

Msimamizi alizungusha kalamu mezani, akaangalia ratiba ukutani, akakubali. Mshahara ungepungua, akamkumbusha. Rubani akasema amelifikiria. Kilichomtoa machozi, akiwa peke yake koridoni, ni kundi la Jumanne: yule mama wa viti vya nyuma aliyemletea karanga, na kijana aliyekuwa akimwita shangazi.

Jumanne ya kwanza ya mapumziko aliamka alfajiri kama kawaida, miguu ikashuka sakafuni yenyewe. Mumewe alikuwa bado anakoroma. Huko barabara kubwa alisikia gari lake likipita, dereva mpya akichelewa kubadili gia, injini ikilalamika mlimani. Alisikiliza mpaka gia ikaingia. Kisha akapandisha miguu kitandani, akavuta shuka mpaka shingoni, akageukia ukutani.