Mkaguzi Mwenye Kofia ya Mume

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajavua viatu, Mama Vipimo anapanga vibao vya plastiki juu ya kitanda cha mashine ya mionzi. Anatoka, anafunga mlango mzito, anabonyeza kitufe, anasoma namba. Leo mashine haidanganyi. Anatia saini, na siku inaanza.

Bila saini hiyo hakuna mgonjwa wa saratani anayetibiwa hapa, na kwa siku wanafika sitini na wawili. Yeye ndiye mwanafizikia wa idara. Daktari huamua kiasi cha mionzi. Yeye hupiga hesabu ya kukifikisha kwenye uvimbe bila kuunguza visivyohusika. Kwa miaka sita kazi hiyo aliifanya peke yake. Wenzake watatu walikuja, wakanywa chai, wakaenda kulikonona.

"Hata mafua nilikuwa naumwa Jumapili tu," anasema, akicheka mpaka miwani inateleza.

Kanuni inataka kila hesabu ikaguliwe na mtu wa pili. Asiye na wa pili afanyeje? Alileta kofia ya mumewe. Akimaliza hesabu, alivaa kofia, akahamia kiti cha upande wa pili na kujikagua kwa ukali.

"Tulikuwa tunamsikia akigombana humo ndani," anasimulia muuguzi wa idara, hana mbavu. "'Hii namba umeitoa wapi?' 'Samahani, mkaguzi.' Tukasema basi, kazi imempanda kichwani."

Miezi mitatu iliyopita aliletewa mwenzake, binti aliyetoka masomoni, mpole wa sauti lakini si wa kukubali kila kitu. Wiki ya pili tu akarudisha karatasi za fundi cherehani mmoja mwenye saratani ya koo, ambaye angeanza tiba kesho yake.

"Samahani mama, hii picha uliyopimia ni ya mwezi uliopita," alimwambia. "Mzee amekonda sana tangu hapo. Shingo si ile tena."

Ilikuwa kweli. Na mkaguzi wa kofia alikuwa ameshapitisha.

"Nilimkumbatia, nikacheka. Halafu nikaenda chooni nikalia," anasema Mama Vipimo. "Kofia ilibadilika, kichwa kilikuwa kilekile. Nikajiuliza, mangapi mengine yamenipita?"

Mzee alipigwa picha upya. Wawili hao wakapitia mafaili ya wagonjwa wote waliokuwa kwenye tiba, jioni tisa mfululizo. Hawakukuta kosa jingine.

Kwa hiyo idara nzima iliishiwa raha binti alipoitwa kazini na hospitali kubwa ya nje. Jibu lilitakiwa Ijumaa iliyopita. Mama Vipimo hakumbembeleza. Siku hiyo alipanga kabati moja mara tatu.

Binti amebaki. "Kule ningekuwa wa kumi na nane," anasema. "Hapa mama akikosea najua mimi, nikikosea anajua mama."

Sasa Mama Vipimo amekata tiketi ya kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, wa miezi minane, anayemjua kwa simu tu. Ataondoka Ijumaa jioni, arudi Jumatatu usiku. Hathubutu kuzidisha, maana akiwa hayupo, binti naye hana wa kumkagua.

"Siku ya kwanza mtoto atalia, ya pili ataniangalia, ya tatu atanizoea, nami naondoka," anasema. "Wakituletea mwanafizikia wa tatu, nitakaa mpaka mkwe wangu aulize narudi lini."