Hapana ya Kitwana

Kitwana Bushiri hakuwa mtu wa kusahau. Hilo tuelewane mapema, maana mtaani walishaanza kusema mzee kachoka akili, kajifutia mwenyewe. Uongo mtupu! Aliulizwa, akajibu, na akajibu sawasawa.

Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa taipureta kwenye shirika moja la umma kule Posta. Biashara zikaachiwa huru, shirika likauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Taipureta zikatupwa stoo na fundi wao akarudishwa nyumbani. Nyumbani ni Kariakoo, vyumba viwili vya chini katika ghorofa la Kishor, muuza vitambaa. Kishor ndiye aliyemletea kompyuta ya kwanza, ya mtumba, imeshuka na meli kutoka Dubai. Siku hiyo hiyo Kitwana akaifungua kwa bisibisi.

"Ukiiua, mimi simo," mkewe akamwambia.

Huyo ndiye Siwema, mpika vitumbua wa barazani. Mdomo ule! Wateja walimwogopa na kesho yake wakarudi. Siku Kitwana alipopata kipaza sauti cha kuchomeka kwenye mashine, alimwita mkewe aseme lolote, ajaribie. Siwema akainama, mwiko mkononi: "Niseme nini sasa? Vitumbua vyangu vinaungua, wewe unanishikisha dude. Haya. Shadya mwanangu, soma, usimwige baba yako kubomoabomoa vitu vya watu. Inatosha? Toa dude lako." Sekunde ishirini na mbili. Mashine ikazihifadhi.

Haukupita mwaka, Siwema akaugua wiki mbili, akafa. Shadya, binti yao wa pekee, alikuwa chuo cha ualimu Mtwara, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Alifika siku ya tatu, matanga yameshaanuliwa, mama yake kashazikwa. Alikaa barazani pale penye jiko la mama yake, asile kitu.

Kitwana hakuweza hata kuiwasha ile mashine wakati huo. Aliiwasha miezi mitatu baadaye, na tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alikuwa akimsikiliza mkewe akimgombeza. Akampigia simu binti yake: "Sauti ya mama yako ninayo. Amekutaja jina." Shadya alilia mpaka simu ikakatika. Kitwana alijaribu kuitia kwenye disketi amtumie, haikuenea. Basi wakakubaliana atakuja likizo ya Juni, asikie mwenyewe kwa masikio yake.

Mwezi wa Mei akarudi Jaimin, mtoto wa Kishor, aliyepelekwa Uingereza akiwa na miaka kumi na moja. Baba yake alikuwa amefariki, kaja kumwangalia mama yake.

"Shikamoo, Mzee Kitwana."

"Marahaba, kijana wangu. Loo, Kiswahili hakijakupotea!"

Kilikuwa kizima kweli, hata lafudhi ya Kariakoo anayo. Akamwambia mzee: una laini moja ya simu na kompyuta tatu za kukodisha watu wasome barua pepe. Ile ya kwanza aliyokuletea baba tuigeuze seva, tuitie mfumo wa Linux, mbili nyingine zipate intaneti kupitia kwake. Kitwana akafurahi. Kitu cha kufungua na kufunga, nani amwambie? Na alishamsimulia Jaimin habari za Siwema, jinsi alivyomwaga uji wa Kishor kwa hasira, jinsi alivyoimba vibaya. Sauti ndani ya mashine hakuitaja. Alijua kijana mwenye adabu hafuti kitu bila kuuliza.

Na Jaimin akauliza. Jumamosi asubuhi, Kitwana yuko uani juu ya ngazi, anapigilia waya wa simu ukutani. Jaimin yuko ndani, sidii ya Linux inazunguka, skrini inauliza kama ifute diski nzima.

"Mzee Kitwana! Humu hamna kitu chako?"

"Hapana!" Kitwana akajibu, na kuchukua msumari mwingine.

Jamani. Mtu wa Kariakoo ukimuuliza "hujala?", akisema "ndiyo", ana njaa, akisema "hapana", kashiba. Hamna kitu? Hapana, kimo! Hata mtoto wa chekechea angesikia hivyo. Lakini Jaimin alikuwa na miaka kumi na miwili ya hapana ya Uingereza. Akabonyeza.

Kitwana alipoingia anajifuta vumbi, skrini ilikuwa nyeusi, na neno moja jeupe lililoandikwa kwa herufi ndogo: siwema. Jaimin akatabasamu. "Mashine iliniomba jina la seva. Nimeipa la mama."

Mzee machozi yakamlengalenga. "Mungu akuzidishie. Sasa nionyeshe sauti yake umeiweka wapi."

"Sauti gani?"

"Ya Siwema. Iliyomo humo."

"Mzee... nilikuuliza. Ulisema hapana."

"Ndiyo, nilisema hapana! Umeniuliza hamna, nikakwambia hapana! Ulitaka nisemeje, Jaimin? Nisemeje?"

Kijana alipoelewa alikaa sakafuni. Siku nne alihangaika na diski ile, hali, halali, na haikutoka hata pumzi. Kitwana hakumtukana. Kila asubuhi aliwasha mashine kwa mazoea, akasubiri, akakumbuka. Kumpigia simu Shadya alishindwa. Kila alipoushika mkono wa simu, uliishia hewani.

Ijumaa, likizo ya Juni imeanza, Shadya akaingia na begi lake, hata maji hakunywa. Aliona lile neno kwenye skrini, akaweka mikono mdomoni. "Mama yumo!" Akavuta kiti, akavaa spika za masikioni, akafumba macho.

Akangoja. Wapagazi walipita nje wakipiga kelele za kuomba njia, naye akangoja. Kisha akafumbua macho, akamgeukia baba yake.

"Baba, sauti ya mama haimo?"

"Ndiyo," Kitwana akasema.

Jaimin, aliyesimama mlangoni, aliinua uso haraka, akidhani imepatikana. Shadya hakuinua. Yeye alizaliwa na kukulia hapa hapa. Alivua zile spika, akazilaza taratibu juu ya kibodi, akaenda kukaa barazani.